Yaya Kwenye Mkono wa Duke

Bakuli la kuku lilianguka, msomaji wangu, na hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Nasikia kuna waliokosa usingizi kwa ajili ya kuku huyo. Poleni. Leo tunamwokota.

Kama jirani alichukua gazeti lako kufungia sukari, mambo ni haya. Duke, kijana wa Birongo anayeuza sabuni ya Yaya kwa jumla mjini Kisii, alikuwa amefika Ikonge Jumapili mchana kujitambulisha kwa wazazi wa Joyline. Aliandamana na mjomba wake Ratemo, ambaye ndiye esigani, mshenga wa kupeleka maneno huku na kuyarudisha kule. Joyline, mwalimu wa watoto wadogo na binti wa pekee wa nyumba hiyo, alishika jagi na beseni kuwanawisha wageni. Duke alikuwa ameapa kutofungua kifungo cha mkono wa shati siku hiyo. Lakini harufu ya kuku ilimsahaulisha kiapo, akakunja shati hadi kwenye kiwiko.

Pale mkononi palikuwa na tatuu. Msichana amejifunga leso kwapani, mabega wazi, ameinama anamwosha mtoto mchanga katika karai. Chini yake herufi nne kubwa: YAYA.

Mama Joyline, jina lake Persis, ndiye aliyekuwa anatoka jikoni na bakuli. Aliuona mkono, bakuli likamponyoka, akasema, "Huyu hataoa kwangu." Kisha akarudi jikoni na kufunga mlango.

Ratemo aliinama kwanza kuokota paja. Mshenga mzuri hupoteza maneno, hapotezi nyama.

Sasa macho yote yalimgeukia Mzee Zachariah, baba yake Joyline, mzee wa kanisa la Wasabato na mkulima wa chai ambaye hata redio yake huzimwa Ijumaa jua likikaribia kutua. Duke alijua kilichokuwa kinakuja. Kitabu cha Mambo ya Walawi kilikuwa kinakuja, sura ya kumi na tisa, ile ya kukataza watu kuandika alama miilini mwao. Alianza kushusha shati polepole.

"Wacha hiyo mkono hapo hapo," mzee alisema.

Mzee alivaa miwani. Akaushika mkono wa Duke, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akausoma kama mtu anayesoma tarehe ya mwisho ya dawa. Joyline alishikilia jagi kwa mikono miwili.

"Hii ni Yaya," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Yaya yenyewe. Si ile ya kuigiza."

"Ni yenyewe, mzee."

Na hapo, msomaji wangu, Mzee Zachariah akatabasamu.

Lazima nikueleze huyu mzee ni mtu wa namna gani. Ni mtu wa chapa moja. Anaoga Yaya, ananyolea ndevu Yaya, na ng'ombe wake hawakamuliwi kabla ya kuoshwa chuchu kwa Yaya. Mwaka ule sabuni hiyo ilipopotea madukani, watu wote wa Ikonge walihamia sabuni nyingine bila hata kuaga. Yeye alifunga safari hadi Kisii mjini, akarudi na katoni begani, na Sabato iliyofuata akahubiri juu ya uaminifu kwa ukali hivi kwamba wanaume kadhaa walidhani wamesemwa kwa wake zao.

Tena katika nyumba hiyo hiyo mkewe hajawahi kuigusa. Tangu waoane, Persis hununua sabuni nyingine, yoyote ile, hata zile zinazokwaruza ngozi, mradi isiwe Yaya. Nyumba moja, sabuni mbili, kila moja na kisahani chake. Mzee alijaribu kumwongoa, akashindwa, akaamua ni ukaidi tu na kumwachia Mungu.

Kwa hiyo unaweza kuona alivyofurahi. Kijana amekuja kuomba binti yake, na kijana huyo anaipenda Yaya kiasi cha kuitia ndani ya ngozi. Ratemo, ambaye hakutaka kuonekana amezembea, alimkumbusha mzee juu ya Walawi. Mzee alijibu kwamba Walawi wanakataza alama za kuwalilia wafu, na sabuni haijafa, iko dukani pale sokoni. Aliongeza kwamba ingekuwa chapa nyingine angemfukuza kijana huyo papo hapo.

Dini ya mtu ina milango mingi. Ya Zachariah ilikuwa na mmoja wenye povu.

Ndipo akamwita mkewe aje amalize hasira zake. Persis alijibu kupitia mlango uliofungwa, sauti kavu.

"Mmeuliza hiyo kijana kama anataka Joyline?"

Ratemo alisema ndiyo, wameuliza, na kijana amekubali mbele ya watu.

"Na mkono wake imesema nini? Someni."

Walisoma. Kwa faida ya msomaji asiye wa huku: kwa Kiswahili yaya ni msichana anayelea watoto. Kwa Ekegusii yaya ni hapana. Sabuni hii imeuzwa Kisii na Nyamira miaka nenda miaka rudi, na bado ukimwuliza mwenye duka kama ana Yaya, naye akakujibu yaya, hujui kama uondoke au utoe pesa. Watu wamezoea. Lakini hakuna aliyewahi kuja kuomba mke akiwa ameandika hapana kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja.

Mzee alipinga. Alisema hilo ni neno la Kiswahili, na ndiyo sababu siku za wageni yeye huongea Kiswahili, ili mambo yawe rasmi.

"Hapa ni Ikonge," sauti ilisema nyuma ya mlango. "Mkono ikiwa hapa inaongea Ekegusii."

Joyline aliweka jagi chini, akamfuata mama yake.

Alimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na meko, uso ameuelekeza ukutani. Alimwuliza kama shida ni dini. Haikuwa dini. Alimwuliza kama shida ni Birongo, kwa kuwa kuna watu Ikonge wasiopenda watu wa Birongo na wenyewe hawajui kwa nini. Haikuwa Birongo.

"Simama hapa kwa mwanga," Persis alimwambia. "Niangalie uso. Halafu kumbuka ile mkono."

Joyline aliangalia. Mwanya katikati ya meno ya juu. Kishimo kwenye shavu la kushoto. Jicho moja likifunga kidogo kuliko jingine. Akakalia gunia la mahindi.

Duke alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba alimpenda yule msichana wa sabuni kwa sababu anafanana naye. Joyline alikuwa akicheka. Kuna siku aliwahi hata kumwonea wivu. Kumbe alikuwa anamwonea wivu mama yake mzazi.

Persis alimweleza haraka, kwa sauti ya chini. Kabla ya kuolewa alifanya kazi mjini Kisii, kwa familia ya Kihindi yenye kiwanda cha sabuni, akimlea mtoto wao aitwaye Pratik. Asubuhi moja alikuwa anamwogesha mtoto uani, amejifunga leso kama mtu yeyote anayeshughulika na maji. Baba yake mtoto akatoka na kamera. Alimwambia ainue kichwa kidogo, acheke. Persis alidhani anayepigwa picha ni mtoto, na akaahidiwa kwamba naye atapewa nakala yake.

Nakala ilikuja. Ilikuja ikiwa imefunga sabuni, kwenye kila duka kutoka Kisii hadi Nyansiongo. Wiki hiyo hiyo aliacha kazi. Mama yake alimwambia afunge mdomo mpaka aolewe, na akishaolewa aufunge zaidi. Aliufunga. Kwenye karatasi ya sabuni picha ilikuwa ndogo na imechorwa vibaya, hata dada zake hawakumtambua. Lakini, kama Duke alivyomsimulia Joyline, Pratik, ambaye sasa ndiye mkubwa wa matangazo pale kiwandani, alimpa mchora tatuu ile picha ya zamani yenyewe ili kazi ya Duke itoke vizuri.

Ilitoka vizuri kupita kiasi.

"Joyline," Persis alisema, "unajua chinsoni."

Joyline alijua, na kila mtu wa huku anajua. Ni ile heshima yenye aibu ndani yake. Mkwe hampi mama mkwe mkono, haingii chumbani kwake, wala haruhusiwi kumwona bega. Kuna familia mjini zimeanza kulegeza. Ikonge hawajalegeza.

"Sasa huyu amenibeba na leso. Akioga, niko. Akilala, niko. Nitamwita mkwe namna gani?"

Alimsihi binti yake asimwambie baba. Kijana aondoke kwa amani, aambiwe ni zile herufi, ni lile hapana, watu wacheke na kusahau.

"Na mimi?" Joyline aliuliza.

Nisikufiche, msomaji, Joyline alimpenda Duke sana, na mama yake alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, ndiyo maana alirudi kuangalia ukuta.

Sebuleni huko, wanaume wawili walikuwa wameshakuwa marafiki. Duke alikuwa anamsimulia mzee jinsi Pratik alivyowaita vijana wa mauzo na kusema anatafuta mabalozi, watu walio tayari kuvaa nembo ya Yaya maisha yao yote. Wenzake walikubali herufi tu, tena ndogo, mahali pa kufichika. Ni Duke peke yake aliyetaka picha nzima. Mzee alimpigapiga begani. Alimwambia vijana wa siku hizi wanabadilisha simu, wanabadilisha makanisa, wanabadilisha hata vyama, na sasa ameona mmoja wa kudumu.

Joyline alirudi na neno moja tu kwa Duke, la kunong'ona: ashushe shati. Duke alimtazama bila kuelewa. Na kabla hajaelewa, honi ikalia nje.

Ni pikapu. Na anayeshuka, akiwa amekumbatia katoni, ni Haresh mwenyewe, mwenye kiwanda, baba yake Pratik.

Haresh alizaliwa Kisii, akasomea Kisii, na Ekegusii chake ni safi kuliko cha watoto wangu mimi. Akisikia mfanyakazi wake anakwenda kujitambulisha kwa wakwe, hachelewi, huja na zawadi na kula kama mtu wa nyumbani, mradi mboga iwe ya majani kwa sababu nyama hali. Aliingia akiamkua huku na kule, akaambiwa mzee ndiye mteja mwaminifu kuliko wote wa wilaya nzima ya zamani ya Kisii, akaguswa moyo karibu alie.

Joyline alikimbilia mlango wa jikoni kuufunga. Alichelewa. Persis alikuwa ameamua kutoka mwenyewe na kuyamaliza, na alitoka moja kwa moja mpaka mbele ya Haresh.

Walitazamana.

"Persis?" Haresh alisema. "Persis, yaya wa Pratik?"

Kuna watu ambao furaha huwafanya wasione kitu. Haresh alikuwa mmoja wao. Alimgeukia Mzee Zachariah, mikono ameipanua. "Mzee, na hukuniambia? Huyu ndiye Yaya mwenyewe. Huyu ndiye sabuni yetu."

Kuku walio hai walisikika uani.

Zachariah alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliangalia mkono wa Duke. Aliangalia uso wa mkewe. Akarudi kwenye mkono. Aliutafuta mwanya, akaupata. Akatafuta kishimo cha shavu, nacho akakipata.

"Mama Joyline," alisema mwishowe, "mimi huwa naoga na nani?"

"Na mimi, mzee. Tangu tuoane."

Sitanii nikisema nilimhurumia. Mtu amehubiri uaminifu miaka yote hiyo, kumbe alikuwa mwaminifu kwa mwanamke mmoja mara mbili na hakuna aliyemwambia. Hakujua kama ajivunie au alie. Alimwuliza mkewe kwa nini alinyamaza.

"Mama yako alikuwa anakutafutia msichana hakuna mtu amewahi kuona," Persis alisema. "Ningesema nini? Ati nenda dukani, niko kwa rafu?"

Mzee aliinamisha kichwa. Mama yake alikuwa mtu wa namna hiyo kweli, na wote wawili walimkumbuka kwa muda bila kumtaja.

Sasa Ratemo akasimama, na alipokuwa anasimama aligeukia ukuta ili asimwone mama mwenye nyumba wala mkono wa mpwa wake. Kazi ya esigani ni kusema yale ambayo wengine wanayaogopa. Alisema mambo yameharibika. Alisema amewahi kushughulikia kila aina ya tatizo la ndoa, lakini hajawahi kuona mkwe aliyekuja na mama mkwe mkononi. Kwa chinsoni hii, alisema, hata mbuzi wa faini hawezi kusaidia.

Duke alikuwa ameshaelewa sasa. Aliuficha mkono nyuma ya mgongo, kisha akaona huko nyuma pia si pazuri, akaurudisha mbele na kuufunika kwa kitambaa cha meza.

Lakini usimdharau Mzee Zachariah. Mtu aliyewatoroka Walawi hakushindwa na Ratemo. Alisema wasikilize vizuri. Hiyo si picha ya mtu, ni nembo. Ni mali ya kampuni. Kila mwanamume wa Ikonge ana nembo hiyo bafuni, na wengi wao ni wakwe wa watu. Kama nembo inavunja chinsoni, basi hakuna mwanamume msafi kutoka hapa hadi Kisii, hata mchungaji.

Ratemo aliligeuza neno hilo kichwani. Lilikuwa na nguvu. Alianza kugeuka kutoka ukutani kidogo kidogo. Joyline alimshika Duke mkono, ule mwingine.

Na hapo Haresh akakohoa.

Alikuwa ameikalia katoni muda wote huo, na sasa alikuwa na uso wa mtu anayetamani asingekuja. Aliifungua. Alitoa mche mmoja wa sabuni, akauweka mezani pale ambapo kuku alitakiwa kuwa.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Juu yake kulikuwa na herufi Y peke yake, na jani la kijani kibichi. Msichana hakuwapo. Karai halikuwapo.

Haresh alieleza kwa aibu. Pratik ameleta wataalamu kutoka Nairobi. Wataalamu wamesema msichana amepitwa na wakati, watu wa siku hizi wanataka kitu chepesi. Kuanzia mwezi huu, sabuni yote ni Y. Msichana ameondolewa kwenye karatasi, kwenye magari, kwenye ukuta wa kiwanda, kila mahali.

"Na sisi?" Duke aliuliza. "Sisi mabalozi?"

"Pratik anasema mtapewa fulana."

Niambie, msomaji, umewahi kuachwa na sabuni? Duke aliachwa na sabuni Jumapili ile, mbele ya wakwe, na huku kidonda cha mwisho cha sindano kikiwa bado kinamwasha.

Zachariah alichukua mche mpya, akaunusa. Harufu ilikuwa ile ile, lakini aliurudisha mezani kama kitu cha mtu mwingine.

"Kwa hivyo hiyo kwa mkono wa kijana si sabuni tena," alisema.

"Si sabuni," Haresh alikubali.

"Basi ni bibi yangu."

Hakukuwa na mlango wa kutokea hapo. Ratemo aligeukia ukuta tena.

Sasa kuna vijana ambao wangechukua kofia na kuondoka, na mimi nisingewalaumu. Duke alisimama katikati ya chumba, kitambaa cha meza kikining'inia mkononi. Alisema kesho asubuhi atarudi kwa yule mchora tatuu mjini, amjazie wino mweusi kuanzia kiwiko mpaka chini, hata kama mkono utaonekana umeungua. Fulana asipewe. Kazi wakitaka wachukue.

"Mimi sabuni nilipenda, mzee, siwezi kukataa," alisema. "Lakini sikuja hapa kuoa sabuni. Nilikuja juu ya Joyline."

Lilikuwa neno zuri na alilisema vizuri. Zachariah alishusha pumzi. Ratemo aligeuka kabisa na kuuliza kama jikoni kulibaki mchuzi. Joyline machozi yalimtoka, na yalikuwa ya furaha, kwa sababu kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Wino mweusi, mkono mweusi, harusi.

"Usifute," Persis alisema.

Walidhani wamesikia vibaya. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, lakini sasa alikuwa anautazama ule mkono waziwazi, bila kuogopa, kwa mara ya kwanza. Alimwuliza Haresh ile picha ya zamani iko wapi, ile aliyoahidiwa. Haresh alitazama viatu vyake. Alisema Pratik alisafisha ofisi wataalamu walipokuja, makaratasi yote ya zamani yalichomwa.

"Basi mimi sina picha nyingine," Persis alisema. "Harusi yetu haikupigwa picha, mzee, unakumbuka. Hiyo msichana nimemkimbia maisha yangu yote. Kila nikienda dukani nainamisha kichwa. Sasa wamemfukuza kila mahali, amebaki hapo tu. Na mimi naona namtaka."

Alisema hivyo tu. Zachariah alivua miwani na kuiweka mezani. Hata mimi ninayekuandikia, ambaye kazi yangu ni kukuharakisha, naona nisimame kidogo hapa.

Lakini ona mtego, msomaji. Picha ikifutwa, mama anampoteza yule msichana milele. Picha ikibaki, Duke hawezi kuwa mkwe, na Joyline anampoteza Duke. Wote walilielewa hilo kwa pamoja, na wote wakamwangalia Persis.

Persis alivuka chumba. Alipita karibu na Ratemo, ambaye alianza kusema yaya, yaya, na safari hii hakuwa anataja sabuni. Alifika mbele ya Duke. Akaondoa kitambaa cha meza. Kisha akanyoosha mkono wake na kuuweka juu ya ule uso wa usichana wake, kiganja kizima, ngozi kwa ngozi.

Mama mkwe hamshiki mkwe. Ikonge jambo hilo halifanyiki. Haresh, Mhindi wa Kisii, ndiye aliyeshtuka kuliko wote.

"Mkwe hashikwi," Persis alisema. "Anayeshikwa ni mtoto. Huyu nimemshika mbele yenu. Kuanzia leo ni mtoto wangu. Mtoto akibeba mama yake, hiyo si aibu."

Ratemo alilipima neno hilo mbele na nyuma, kama esigani aliyeona mengi, na hakupata tundu. Alitamka kwamba chinsoni imeokoka. Zachariah alisimama kwa furaha, mzee ambaye hakuwahi kujaliwa mtoto wa kiume, akamwita Duke mwanangu, akamwita tena, akamwambia ataonyeshwa mipaka ya shamba la chai leo leo kabla jua halijazama. Haresh alipiga makofi. Duke alikuwa analia bila kujificha, akisema asante mama, asante mama.

Kila mtu alikuwa anaongea. Ni Joyline tu aliyekuwa kimya. Alikuwa amesimama kando ya meza, karibu na ule mche wa sabuni mpya, na uso wake ulikuwa wa mwalimu aliyeona kosa ubaoni ambalo darasa zima limeshaliandika daftarini.

"Mama," alisema.

Hawakumsikia. Akarudia.

"Mama. Kama Duke ni mtoto wako, mimi ni nani wake?"

Zachariah alibaki na mkono hewani, ameuelekeza upande wa shamba. Ratemo alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Persis alimtazama binti yake, binti wa pekee. Kisha akautazama ule uso chini ya vidole vyake, mwanya, kishimo, msichana wa miaka ishirini asiye na hofu yoyote. Alijua la kufanya. Ilikuwa ni kuachilia tu, wino mweusi ujazwe, na Duke awe mkwe.

Hakuachilia.